Rimoti moja, tamthilia ya mama na katuni za watoto: mnagawanaje?

mama_wa_watatu ameuliza:

Wapendwa, hamjambo? Nyumba ina TV moja, king'amuzi kimoja na watu watano, kila mmoja na lake. Kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku hapakaliki. Wa kwanza ana miaka 7 na anajiona mkubwa. Wa pili ana 4 na hataki kusikia neno "zima". Wa mwisho ana miezi 10; huyu haangalii, anatafuna rimoti. Baba yao anataka taarifa ya habari ya saa mbili, ambayo huitazama macho yakiwa yamefumba. Mimi nina tamthilia yangu ya Kituruki tu, sina makuu.

Naomba wenye uzoefu mnisaidie. TV inazimwaje bila kilio cha kusikika nyumba ya tatu? Katuni zipi mtu mzima anaweza kuzivumilia hata zikirudiwa mara ishirini? Na tamthilia ikifika pale wanaposogezeana nyuso, watoto mnawapeleka wapi? Kuwatuma maji kumeshagonga mwamba.

shangazi_wa_Tabata:

Shosti, tuanze na kilio maana ndiyo kazi yenyewe. Mtoto wa miaka 4 hajui dakika kumi ni kitu gani. Ukimwambia "bado dakika kumi" amesikia "bado kidogo", na kidogo yake ni mpaka asinzie. Mhesabie vipindi. Peppa Pig ni kama dakika 5 kwa kipindi, Bluey na Masha and the Bear ni kama 7. "Vitatu halafu tunazima" anaelewa, tena mpe yeye kazi ya kuhesabu: akunje kidole kila kimoja kinapokwisha. Zima wakati majina ya watengenezaji yanapita, usizime hadithi ikiwa katikati. Hata wewe ukizimiwa pale mama mkwe ndiyo kwanza anasukuma mlango, utalia.

Lile onyo la "zimebaki dakika mbili" tunalipenda sote, lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington kule Marekani waliliangalia mwaka 2016 kwa watoto wadogo wakakuta linaongeza ubishi. Kilichopunguza ubishi ni kipindi chenyewe kufika mwisho. Ndiyo maana adui mkubwa ni YouTube inayojiendeleza yenyewe. Haina mwisho, kwa hiyo mwisho unakuwa wewe, na mbaya unakuwa wewe. Ukifungua video tafuta kitufe cha Autoplay, kizime, na ukague tena baada ya siku chache kwa sababu vidole vya wa miaka 7 vinakijua.

Sasa ujanja wa jikoni. Pima katuni kwa sufuria. Ugali, kuanzia kuinjika maji mpaka unapakua, ni dakika 20 hadi 25: hizo ni Bluey tatu. Wali ni dakika 35 hadi 40: tano. Chapati za familia, ukijumlisha kukanda, kuacha unga upumzike, kusukuma na kuchoma, zinapita saa nzima, kwa hiyo siku ya chapati TV haifunguliwi. Kila mmoja anapewa donge lake la unga na kichupa cha kusukumia. Zitatoka chapati zenye umbo la ramani ya Kongo, mzile. Maharage yasiyolowekwa usiyaingize kabisa kwenye hesabu hii, watamaliza msimu mzima.

baba_anasikiliza:

Kwanza, hatulali. Tunasikiliza. Mkibadilisha chaneli tunajua.

Pili, kwa kuwa mnabadilisha tu, basi badilisheni kwa akili. Vichwa vya habari hutajwa mwanzoni kabisa. Mwacheni mzee avipate hivyo. Subirini mkoromo, hesabuni hadi hamsini, kisha punguzeni sauti pointi mbili mbili, ndipo mhame chaneli. Kosa lenu ni kuhama ghafla. Kinachomwamsha mtu si picha, ni mlio kubadilika.

Usiku wa Simba na Yanga ratiba zote zimefutwa. Msije humu kulalamika.

mama_pacha_Mwanza:

@baba_anasikiliza asante kwa kutoa siri za kambi.

Kuhusu katuni, kuna kipimo kizuri: fungulia kipindi, nenda jikoni, kisikilize dakika tano bila kukiona. Kama unaweza kufuata kinachoendelea, kina maneno na kina hadithi, mtoto anapata kitu. Kama unasikia vicheko, ving'ora na mstari mmoja wa wimbo unaozunguka, ujue utakuwa nao kichwani hadi Krismasi.

Kwa huyo wa miaka 4 weka Akili and Me. Inatengenezwa na Ubongo, hapa hapa Dar es Salaam, na Akili mwenyewe ana miaka 4, kwa hiyo wanaelewana. Herufi, namba, rangi, hisia, na Kiswahili chake ni cha nyumbani. Mkubwa mpe Ubongo Kids, ambayo ipo tangu 2014 na inaingia kwenye hesabu na sayansi. Mpe na cheo: yeye ndiye mwalimu wa kumweleza mdogo wake kilichotokea. Watoto wa miaka 7 kwa vyeo hawajambo, na utanunua kimya cha dakika kumi bila bando. Hasara yake ni moja tu, nyimbo zinanata. Utajikuta kwenye daladala unaimba namba, na konda anakuitikia.

Bluey ni ya Australia, imetoka Brisbane, ilianza kurushwa 2018. Ni familia ya mbwa: baba Bandit, mama Chilli, na mabinti wawili, Bluey na Bingo. Mtoto anacheka mbwa, mzazi anacheka kwa sababu wazazi wale wamechoka kama sisi na bado wanavutwa mkia. Ni ya Kiingereza, lakini michezo yake haihitaji lugha, na hapo ndipo faida yake ilipo, maana unazima TV na mchezo unaendelea. Miwili ya kuanzia:

Puto lisiguse chini. Puto moja tu; ukileta mawili kuna mgawanyo, na mgawanyo ni vita. Lijaze robo tatu, likijaa sana linapasuka kwenye kona ya meza kabla hata mchezo haujanoga. Zima feni ya dari. Likipasuka okota vipande papo hapo, usingoje, kwa sababu wa miezi 10 atavimeza na vinaweza kumkaba.

Hospitali. Huu ni mchezo wa mama aliyechoka. Wewe ni mgonjwa, umelala kwenye kochi, na sheria namba moja ni kwamba mgonjwa haruhusiwi kuinuka. Vifaa: mwiko, kanga moja ya kufungia bandeji, na kikombe kitupu cha dawa. Kalamu za wino usiruhusu, utaenda kazini na "mshono" usiofutika. Daktari akitaka kukuruhusu urudi nyumbani, lalamika mguu wa pili. Ukilalamika vizuri unapata dakika kumi na tano za kulala chali, na watoto wanadhani wamecheza na mama, ambayo ni kweli.

Tom and Jerry, ya tangu 1940, karibu haina maneno, kwa hiyo bibi na mjukuu wanacheka mahali pamoja bila mkalimani. Ila mimi kwa wa miaka 4 naiweka pembeni. Umri huo huiga kwa vitendo, na nyumba ina sufuria na ina kichwa cha mdogo wake.

Sasa kusogezeana nyuso. Maji hayafai kwa sababu ya hesabu rahisi: mtoto anakwenda na kurudi kwa sekunde ishirini, wakati Mturuki anaangaliana na mwenzake dakika nzima, kinanda kinalia, upepo unapeperusha nywele, bado hawajasema kitu. Kipindi kimoja kule kwao Uturuki hupita saa mbili, kikiuzwa nje hukatwa vipande vya kama dakika 45. Wanakata kipindi, macho hawakati. Mtoto atarudi na glasi yake, atakaa, atakuta ndiyo kwanza wanakaribiana.

Kama lazima umtume, mtume kitu cha kutafuta. "Nitafutie miwani ya bibi chumbani" hufanya kazi vizuri, hasa kama bibi yuko Bukoba. Kwa wa miaka 7 usifanye hivyo mara kwa mara, ataunganisha haraka kwamba miwani hupotea watu wanapopendana. Huyo mwambie kwa kifupi, "ni mambo ya wakubwa, wanapendana", na uendelee kula. Ukikurupuka na kukohoa ndiyo unamwonyesha kuna jambo. Ila usimwambie wameoana. Wiki ijayo wanaachana na wewe ndiye utakayehojiwa.

Dawa ya kudumu ni marudio. Tamthilia nyingi zinarudiwa, angalia ratiba kwenye king'amuzi chako, chagua muda wamelala au wako shule. Na ukikosa kipindi kimoja hujakosa neno, utawakuta pale pale wanaangaliana.

nesi_hayuko_zamu:

Mmenichekesha, ila niongeze mawili kavu.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unasema mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, wa mwaka mmoja pia haishauriwi, na kuanzia miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku, pungufu ni bora. Kwa lugha ya @shangazi_wa_Tabata, wa miaka 4 ana haki ya ugali na wali kwa siku, chapati hana. Wa miezi 10 mgeuze akuangalie wewe ukipika, mwimbie, mpe kifuniko cha plastiki agonge.

La pili, hiyo rimoti anayotafuna. Fungua mgongo wake uone ni betri za aina gani. Rimoti nyingi za TV hutumia zile ndefu nyembamba, lakini vijirimoti vya spika, feni na taa za rangi vina betri bapa kama sarafu. Hiyo bapa ikimezwa inaweza kuunguza koo ndani ya saa mbili, hata kama mtoto halii. Usimtapishe, usingoje aitoe chooni. Hospitali mara moja, na useme wazi kwamba ni betri. Rimoti ambayo mfuniko wake hauna skrubu ipigwe utepe wa gundi mzunguko mzima au ikae juu ya kabati.

Mkitaka kumpa rimoti mbovu isiyo na betri achezee, jaribuni. Wengi huitupa baada ya dakika moja. Wanajua ya kweli ni ile inayogombewa.

mama_wa_watatu:

Nimecheka mpaka baba ameamka kusema alikuwa anasikiliza. Asanteni sana. Mmoja amenigusia kuweka katuni kwenye flashi ili niachane na YouTube. Inawezekana kwa TV ya zamani kidogo? Na rimoti ikishaingia uji inapona?

fundi_dishi:

Inawezekana, na ni njia nzuri kuliko zote kwa sababu flashi ina mwisho. Chukua ya GB 16, iformati (yaani ifute na kuipanga upya) kwa FAT32, mpangilio wa kuhifadhi mafaili unaosomeka na TV nyingi, kwa kuwa TV nyingi za zamani hazisomi mipangilio mingine kama NTFS na exFAT. FAT32 haibebi faili moja linalozidi GB 4, lakini katuni ya dakika 7 haifiki hata karibu na hapo. Mafaili yawe MP4 ya H.264, yaani aina ya kubana video ambayo TV za zamani huielewa. Ukiweka H.265, ile mpya zaidi, TV ya zamani itatoa sauti bila picha au itasema haitambui, halafu mtasema flashi ni feki.

Pakua vile ambavyo wenyewe wameruhusu kupakuliwa. Ulichohifadhi ndani ya programu ya YouTube hakitoki humo kwenda kwenye flashi, usihangaike. Tengeneza folda kwa siku: JUMATATU, JUMANNE, kila moja vipindi vitatu, majina yaanze na 01, 02, 03 ili vifuatane. Kisha kwenye menyu ya TV zima Repeat. Hiyo ndiyo watu wanasahau, kikiisha cha tatu kinarudi cha kwanza na mpango wote umekufa. Ukitaka kinga zaidi weka Sleep Timer ya dakika 30, TV inajizima yenyewe, na hapo hata mimi fundi siwezi kulaumiwa.

Kwenye king'amuzi badilisha PIN ya wazazi. Vingi huja na 1234 au 0000, na mwaka wa kuzaliwa wa mtoto si siri kwa mtoto.

Rimoti yenye uji: toa betri kwanza, haraka. Fungua skrubu, kama zipo, halafu ibanue pembeni kwa kadi ya plastiki, usitumie kisu. Raba ya vitufe ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ikauke kabisa. Kibao cha ndani usikioshe. Kifute kwa pamba yenye spiriti, hasa vile vidoa vyeusi chini ya vitufe, taratibu, ukikwangua vinatoka na kitufe kimekufa. Uji wenye sukari ukiachwa wiki unakuwa gundi, kwa hiyo fanya siku hiyo hiyo.

Kuijua kama imepona, washa kamera ya mbele ya simu, elekeza kichwa cha rimoti kwenye kamera na ubonyeze kitufe chochote. Ukiona kitaa kinamwekamweka kwenye kioo cha simu, rimoti ni nzima. Rimoti ikiwa nzima na TV haisikii, kabla hujaniita angalia chini ya fremu ya TV pale penye kijicho cha kupokea mawimbi. Nyumba zenye watoto, mara nyingi pamebandikwa stika.