Kufunga Ziwa Tanganyika miezi mitatu: samaki wanarudi kweli?

Mwana_Kibirizi: Wakuu naomba tujadili bila matusi. Mwaka 2024 ziwa upande wetu wa Tanzania lilifungwa kwa uvuvi 15 Mei mpaka 15 Agosti, tukaambiwa samaki wapumzike wazaliane. Mimi ni mvuvi wa dagaa, nimepanda mtumbwi tangu niko darasa la sita. Lilipofunguliwa wiki za kwanza tulipata, sikatai, halafu mambo yakarudi yaleyale. Naomba kujua nani aliwahesabu hao samaki akajua wamepungua kwa sababu yetu sisi?

Mpima_Maji: Mkuu samaki hawahesabiwi kama mbuzi zizini. Kuna meli inapita na mashine inatuma sauti chini, sauti ikigonga kundi la samaki inarudi, hapo wanakadiria tani. Njia nyingine ni kukaa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, na kuandika mtumbwi mmoja kwa usiku mmoja umeleta nini. Hiyo ndiyo inasema ukweli, maana mitumbwi ikiongezeka jumla ya mwalo inaweza kupanda wakati kila mtumbwi unarudi na kidogo, na ukitazama jumla peke yake utaapa samaki wapo. Halafu tuambizane, miezi mitatu inawaumiza kwa sababu hela ya giza, yaani ya usiku usio na mwezi mnapovua dagaa kwa taa, inaisha kabla mbalamwezi haijatoka, akiba hamna.

Mwana_Kibirizi: Hapo mwisho umenikosea sana. Unajua petroli ya usiku mmoja wewe? Mafuta yanatolewa kwanza, tajiri mwenye mtumbwi na nyavu anachukua fungu lake, kinachobaki tunagawana vijana sita, na hapo hujakata deni la unga. Niweke akiba kwenye nini?

Tumbi84: Deni la unga au la bia? Nimeishi Ujiji miaka minne, nimeona.

Mwana_Kibirizi: Umeona watu wangapi? Mimi baba yangu alifia majini, nimesomesha wadogo zangu watatu kwa dagaa. Usiniwekee bia mdomoni.

Mzee_wa_Ujiji: Vijana taratibu. Mnabishana kuhusu bia wakati miaka ya 50 Wagiriki walileta Bujumbura meli zenye nyavu za kuzungushia, zikazoa mpaka miaka ya 90 biashara yao wenyewe ikafa kule Burundi. Mtu mwenye karabai mbili ndiye kamaliza ziwa?

Mpima_Maji: Shikamoo mzee. Hilo la meli ni kweli, ila kuna jambo jingine. Ziwa hili lina kina kama mita 1,470, mbolea yake imekaa chini kwenye maji yasiyo na hewa. Upepo wa kusini wa kiangazi ndio unayavuruga maji mbolea ipande, mwani uote, mwani uliwe na vijidudu, dagaa ale vijidudu, mgebuka, samaki mkubwa zaidi, ale dagaa. Maji ya juu yakipata joto yanakuwa mepesi, yanaelea kama mafuta, upepo unashindwa kuyachanganya. Utafiti uliotoka kwenye jarida la Nature mwaka 2003 ulikadiria chakula cha ziwa kimeshuka kama asilimia 20 na samaki kama 30. Baadaye wengine wakachimba matope ya chini wakakuta mabaki ya samaki yalianza kupungua hata kabla ya hizo meli.

Tumbi84: Sasa kosa ni la jua. Makokoro, zile nyavu za kuvuta mpaka ufukweni, je? Vyandarua je? Mnavuta vifaranga kando kando halafu mnalilia upepo!

Mpima_Maji: Sijasema makokoro ni sawa. Kuna wataalamu waliupinga ule utafiti, wakasema mabadiliko ya samaki yanatokana na uvuvi zaidi. Mimi naona yote mawili yapo: ziwa linazaa kidogo kuliko zamani na sisi tunachota zaidi. Joto huwezi kulifungia ziwa, nyavu unaweza.

Kalemie_Mulobaji: Ba ndugu, miye niko Kalemie. Congo iko na 45% ya hili ziwa, Tanzania 41, Burundi na Zambia bakigawa inayobakia. Ndagala, ule munaita dagaa, hana pasipoti. Kama moja anafunga na mwingine anawasha taa, munafunga nini?

Tumbi84: Na hao dagaa wachache wanaanikwa mchangani, nusu wanaoza. Anzeni na hapo.

Mama_Vichanja: Nilikuwa nasoma tu lakini hapa siwezi kunyamaza. Mimi ninaanika kwenye vichanja vya waya, nimekopa kwenye kikoba kuvijenga, na hakuna anayependa dagaa wake waoze. Dagaa wanaoza masika, mvua inanyesha siku tatu unawamwaga na machozi yanakutoka. Juni na Julai ndiyo jua letu, dagaa anakauka kwa siku moja, analia kama majani makavu, ndiyo anafika Dar na bei nzuri. Na ndiyo miezi mliyofunga! Kwa nini isifungwe masika?

Mpima_Maji: Mama nadhani ni kwa sababu kiangazi ndipo chakula kinapanda, wadogo wanapata kula na kukua.

Mama_Vichanja: Nadhani? Mimi rejesho la kikoba kila Jumamosi halina nadhani. Ile miezi mitatu nilikaa na vichanja vitupu, mnasema wavuvi hawaweki akiba, mimi niliyeweka ndiyo niliila yote.

Mwana_Kibirizi: Asante mama. Mpima_Maji, la upepo nimekuelewa na usiku huu nitawasimulia wenzangu. La hela ya giza bado hujalifuta.

Mpima_Maji: Nalifuta mkuu. Nisamehe. Ila nambie, 2020 mtumbwi wenu ulikuwa unaleta ndoo ngapi kwa usiku, na sasa ngapi?

Tumbi84: Mimi sifuti.