Koti la Bar la 1947: ni la Dior aliyelichora au la waliolishona?

Mwanzisha mada: Nimeutazama sana mchoro wa Christian Dior, mbunifu wa mavazi Mfaransa, wa suti ya kike iitwayo Bar, ile ya maonyesho ya Paris ya Februari 1947. Mistari michache tu: mabega laini, kiuno kimebanwa, sketi nyeusi imechanua. Waliokata na kushona hawatajwi. Je, ni haki?

Mstari Mmoja: Haki kabisa. Thamani iko kwenye wazo. Mchoro ukishatoka, fundi anafuata tu.

Mama Cherehani: "Anafuata tu"? Kaka, ulishawahi kuunga mkono wa koti? Juzi mteja kaniletea picha ya gauni, bega moja limefichwa na nywele. Hilo bega nimelitafuta kwa pini mpaka saa sita usiku, nikafumua mara tatu.

Mstari Mmoja: Dada, mbona hasira? Sikukutaja wewe.

Mama Cherehani: Umetutaja sote.

Msoma Magazeti: Kwa Dior mchoro ulipelekwa kwa mkuu wa karakana, likashonwa kwanza la kitambaa cheupe cha kujaribia, ndipo Dior akalitazama na kulirekebisha. Koti lenyewe limejazwa nyongani, ndiyo maana linasimama vile. Na kama kumbukumbu haijanitupa, Pierre Cardin, aliyekuja kuwa mbunifu maarufu, alikuwa fundi humo humo mwaka huo.

Mstari Mmoja: Si umeona? Mrekebishaji ni Dior!

Mama Cherehani: Alirekebisha nini, kama hakuna aliyeshona?

Mwana wa Pwani: Mnagombania jina, mnaacha kitambaa. Vita vimeisha juzi, Wafaransa wananunua nguo kwa mgawo, yeye anatoa sketi za kumeza mita na mita. Hamjaziona picha za mtaa wa Lepic kule Paris, wanawake wanamchania mwenzao gauni la mtindo huo? Na aliyemwekea Dior fedha ni Marcel Boussac, tajiri wa viwanda vya pamba. Sketi ikirefuka, nani anauza?

Msoma Magazeti: Wanawake wengine walizipenda, ndugu. Walichoka kuvaa nguo za vita.

Mwana wa Pwani: Wenye pesa, sema.

Mwanzisha mada: Jamani, nimeuliza habari ya jina.

Mama Cherehani: Boussac atasubiri. Mstari Mmoja hajanijibu: ulishawahi kuunga mkono wa koti?

Mstari Mmoja: Sijawahi. Lakini bado nasema mwenye wazo ni Dior.

Mama Cherehani: Wazo mpe. Hiyo "tu" ifute.