Mjadala: Upasuaji ukiharibika, mgonjwa aambiwe nini, na aambiwe na nani?

Mwalimu Mstaafu (Tukuyu)
Naleta jambo hili mbele yenu kwa sababu limenikaa kooni tangu mwaka jana. Dada yangu alitolewa kizazi katika hospitali ambayo sitaitaja, na siku ya sita akaanza kuvuja mkojo bila mwenyewe kujua. Daktari aliyempasua alisimama miguuni pa kitanda, akafunua faili, akasema, "Mama, hiyo ni kawaida, utakauka," kisha akahamia kitanda cha pili. Hakukauka. Kwa miezi mitatu alikalia khanga iliyokunjwa mara nne, akaacha kwaya, na kwenye magari ya Uyole alisimama hata siti zikiwa wazi. Ni hospitali nyingine iliyomweleza kwamba mrija unaoshusha mkojo kutoka kwenye figo ulijeruhiwa wakati wa upasuaji, na kwamba unatengenezeka. Nauliza: daktari anayejua, au hata anayeshuku tu, kwamba mkono wake umeteleza, ana wajibu wa kumwambia mgonjwa kwa kinywa chake mwenyewe?

Daktari wa Zamu (Iringa)
Mpe dada pole, Mwalimu. Hata hivyo, ukishasema "mkono umeteleza" umekwisha kuhukumu. Mrija huo unapita nyuma ya mshipa wa damu wa kizazi, kama sentimita 2 tu kutoka kwenye mlango wa kizazi, na mshipa huo lazima ufungwe ndipo kizazi kitoke. Uvimbe ukishavuta kila kitu upande, hata bingwa wa miaka 30 anaweza kuvifunga vyote viwili pamoja. Ni madhara yanayojulikana, wala si lazima pawe na uzembe. Kinachotuponza ni kwamba mgonjwa akiambiwa "madhara" anasikia "kosa", na mara nyingi wanaomtia maneno hayo ni wauguzi wanaonong'ona kwenye korido mambo wasiyoyajua hata nusu.

Sista Mstaafu (Njombe)
Nilitaka kusoma na kupita, lakini hapo kwenye korido umenigusa. Nimefanya kazi chumba cha upasuaji miaka 26. Tulihesabu vitambaa kabla ya kupasua, tukahesabu tena kabla ya kushona, na kilipopungua kimoja nilisema "hatufungi" mbele ya madaktari walioniita mkaidi. Sasa nieleze, daktari: ukishavua glavu ukaenda kunywa chai, saa nane za usiku nani anaulizwa "sista, mbona shuka limelowa"? Tunaulizwa maswali uliyoyakimbia wewe, na tumekatazwa kuyajibu.

Daktari wa Zamu (Iringa)
Sikusema wauguzi wote. Tena hiyo chai unayonihesabia, sista, mara nyingi huwa ndiyo chakula changu cha kwanza tangu asubuhi.

Kijana wa Mwanjelwa
Kwa hiyo daktari ni malafyale, yaani chifu, wa kisu, sista ni mhasibu wa vitambaa, na mgonjwa ndiye shuka lenyewe. Mmesahau yale ya Taasisi ya Mifupa Muhimbili mwaka 2007, wagonjwa wawili walioitwa Emmanuel, mmoja wa kichwa na mwingine wa goti, wakapasuliwa kinyume? Hapo nani alinong'ona?

Mwanafunzi wa Uuguzi (Mafinga)
Shikamooni wakubwa. Kosa la namna hiyo ndilo linalolengwa na orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, yenye vipengele 19, ambayo inataka jina la mgonjwa na mahali pa kupasuliwa vithibitishwe kabla kisu hakijagusa ngozi. Hospitali nane duniani ziliijaribu na mojawapo ilikuwa ya Ifakara, hapo tu chini ya milima yetu. Matokeo ya zote kwa pamoja yalitolewa mwaka 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7.

Daktari wa Zamu (Iringa)
Marahaba. Orodha hiyo ninaitumia na ninaiheshimu, ila inazuia kosa tu. Likishatokea, haikuambii ufungue vipi mdomo.

Wakili (Mbeya mjini)
Wenzetu wameliwekea utaratibu. Kule England, tangu Novemba 2014, hospitali za umma zinabanwa na sheria kumweleza mgonjwa aliyepata madhara makubwa na kumwomba radhi. Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, kilianza mwaka 2001 kusema wazi na kulipa fidia panapostahili, na madai yakapungua badala ya kuongezeka. Wanaoingia ofisini kwangu huanza kunieleza jinsi walivyokwepwa. Habari za kidonda huja baadaye.

Kijana wa Mwanjelwa
Wakili naye amekuja kutafuta wateja.

Mzee wa Makete
Wanangu, mnasema sana. Kwetu habari nzito haipelekwi kitandani. Inapelekwa kwa mume au kwa wakubwa wa ukoo, nao ndio wanaojua namna ya kuifikisha. Daktari akifanya hivyo amekwisha kutimiza wajibu wake.

Mama Upendo (Mafinga)
Kwa heshima zote, baba, tumbo lililopasuliwa si la ukoo. Nilipojifungua kwa upasuaji, shemeji zangu walijua habari zangu wiki mbili kabla yangu, na mpaka leo sijui walificha nini kingine.

Mwalimu Mstaafu (Tukuyu)
Swali langu mmelipeleka chai, korido na ukoo, lakini maneno ya mzee yamenirudisha kwenye jambo nililoliacha kwa aibu. Shemeji yangu aliambiwa. Siku ileile ya upasuaji, daktari alimwita barazani akamwambia, "Kuna mrija umeguswa kidogo, tutaangalia." Shemeji akadhani ni ule mpira wa mkojo aliowekewa mkewe, na mpira ulipotolewa akamshukuru Mungu kwamba yamekwisha. Hakuona sababu ya kumwambia mkewe.

Daktari wa Zamu (Iringa)
Mwalimu, nakiri kwamba mimi pia ningesema "mrija". Ulitaka aseme nini?

Mwalimu Mstaafu (Tukuyu)
"Mama, nilipokuwa nafunga damu nadhani nimeujeruhi mrija unaotoka kwenye figo. Ukiona unavuja mkojo, usingoje ukauke, niite, nitakuandikia rufaa siku hiyohiyo."

Daktari wa Zamu (Iringa)
Yote hayo naweza kuyasema, isipokuwa "nimeujeruhi". Hilo siwezi kuliandika kwenye faili kabla ya kuonana na mkuu wa kitengo.

Sista Mstaafu (Njombe)
Mwalimu hakutaja faili.