Riwaya za mapenzi za Kikristo: za zamani, za Waamishi, za upelelezi au za Biblia, mtu aanze na ipi?

NuruAsubuhi
Bwana asifiwe wapendwa. Naomba tulinganishe hapa. Nimezama kwenye hizi riwaya na nimeona sio kitu kimoja, kuna za zamani za walowezi wa Marekani, kuna za Waamishi (wale Wakristo wa Marekani wanaoishi kizamani, farasi badala ya magari), kuna za upelelezi ambazo steringi ni polisi au zimamoto, halafu kuna zinazochota moja kwa moja kwenye Biblia. Rafiki yangu anataka nimwanzishie ila anaamini zote ni mahubiri tu. Nimpe ipi? Na nyie kinachowavuta ni nini, maana mi nikiulizwa najibu "ni safi" na naona halitoshi.

Kalamu77
Halitoshi kweli dada. "Safi" inasema kisichokuwemo, haisemi kwanini unakesha nayo. Kwenye mapenzi ya kawaida kuna wawili na kizuizi, huku kila mmoja ana kesi yake na Mungu kabla hata hawajaonana, huyu amefiwa na hataki tena kuomba, yule anahudumu kanisani lakini hajamsamehe baba yake. Kwahiyo hata kama unajua wataoana, na unajua tangu mwanzo, bado hujui kama moyo utalegea. Na kwa vile mwandishi hawezi kukimbilia chumbani inabidi afanye kazi, kimya cha mezani kiseme kitu, barua iseme kitu.

Mpe za zamani. Love Comes Softly ya Janette Oke ya 1979 wengi wanaihesabu ndio iliyofungua njia kwa hizi za sasa. Marty anafiwa na mume wakiwa safarini kwenda magharibi, ana mimba, na Clark anamuomba ndoa ili tu binti yake mdogo Missie apate mama, baridi ikiisha akitaka kurudi kwao atamlipia nauli. Hawapendani hata kidogo. Yani upendo unaingia kupitia kupika, kulea na kuvumiliana, na ile imani ya Clark anaishi nayo tu, hamsukumii Marty.

Mkuyu_Mkavu
Napingana kidogo ndugu Kalamu, mtu asiyezoea atalala ukurasa wa thelathini. Za upelelezi zinashika haraka na sala zinakuja zenyewe, mtu anayewindwa anaomba hata kama hakuwa muombaji. Shida yake moja, mapenzi yanaiva ndani ya siku chache na imani saa ingine unaona imebandikwa mwishoni.

Tabitha_M
Mi ni wa Waamishi, sijifichi. Beverly Lewis na The Shunning ya 1997 ndiye aliyezipa umaarufu mkubwa, kule Lancaster, Pennsylvania. Watu wanadhani tunafuata utulivu wa taa za mafuta na farasi, sawa upo, lakini kinachonishika ni bei ya uamuzi. Kijana ambaye hajabatizwa bado anaweza kuondoka, akishabatizwa kisha akavunja ahadi anaweza kutengwa, hata kula meza moja na mama yake inakuwa shida. Sasa hapo ukimpenda mtu wa nje kila neno lina uzito. Ila nikubali waandishi wengi wa hizi sio Waamishi wenyewe, kwahiyo maisha yao yanapambwa kuliko yalivyo.

Neema_na_Kweli
Za Biblia mpe baadaye. Redeeming Love ya Francine Rivers, ilitoka 1991, inamchukua nabii Hosea na Gomeri, mke wake asiye mwaminifu, inawapeleka California enzi za kukimbilia dhahabu, na yule dada aliuzwa kwenye ukahaba akiwa mtoto. Nzito sana hiyo. Imewagusa wengi walioumizwa, nami mmoja wao, lakini sio ya kumpa mtu bila kumuandaa.

Mkuyu_Mkavu
Na ningeomba tuseme jambo lingine. Msichana akisoma hizi mfululizo anaweza kuamini akimvumilia mwanaume mkali na kumuombea atabadilika. Andiko linasema msifungiwe nira pamoja na wasioamini, sasa waandishi wanalitatua kwa kumuokoa kaka chapta ya mwisho mwisho, siku mbili kabla ya harusi!

Kalamu77
Hapo umegusa penyewe, na ndio kipimo changu. Nikimaliza najiuliza, huyu kaka angeokoka hata kama dada angemkataa? Kama jibu ni ndiyo, mwandishi ameijenga imani yake toka mwanzo, ana mapambano yake, ana sababu zake. Kama jibu ni hapana basi wokovu umegeuzwa mahari, na msomaji makini anasikia kabisa kwamba amedanganywa. Aina haijalishi hapo, nimekuta za upelelezi zinazofaulu na za zamani zinazofeli. Na ukali wa mwanaume usipewe jina la "majeraha", kitabu kinachofanya hivyo mi naacha katikati.

Tabitha_M
Kwa kipimo hicho nyingi nilizonazo zinaanguka, lakini nakubali. Zinazobaki ndio zile narudia kusoma.

NuruAsubuhi
Asanteni sana. Basi nampa ya Marty na Clark, na akisinzia kama Mkuyu anavyosema nampa ya upelelezi. Neema ile nzito nitaisoma kwanza mwenyewe. Mkuyu, nitajie ya upelelezi ambayo kaka anaamini au anapambana na Mungu tangu chapta za mwanzo, sio ya kuokoka mwishoni.