Laptopu ya Zamu na hesabu za akina mama

*Kikundi: Ukoo wa Mzee Abdalla, Malaba*

Jumatatu

Zamu 18:52
Asalaam aleikum jamani. Laptopu imegoma. Jana usiku umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo ikiwa kwenye chaja. Tangu hapo nikiwasha ni kioo cheusi na maandishi meupe, eti haioni diski ya kuwakia. Chini kuna namba 3F0.

Zamu 18:53
Hesabu zote za akina mama zimo humo. Mgao wa akiba ya kikundi chao ni Jumamosi hii.

Mama Swabra 18:55
Banange! Hesabu ZETU?

Mjomba Idi 18:58
Waaleikum salaam. Zamu mwanangu, izime uiwashe tena.

Zamu 19:01
Nimezima na kuwasha mpaka kidole kinauma mjomba. Nimempitia fundi wa karibu na stendi, kasema ataweka Windows upya, elfu thelathini, niichukue kesho.

Rashidi 19:20
Dada Zamu USIMWACHIE

Rashidi 19:22
Nilikuwa kwenye boda, ndiyo naona. Kuweka Windows upya ni kuandika juu ya diski ileile yenye mafaili yako, na kilichoandikwa juu hakirudi hata uende kwa nani. Kesho utapewa laptopu inayowaka vizuri kabisa, hesabu hakuna.

Zamu 19:23
Ninayo hapa. Nilisema nikamuulize mdogo wangu kwanza.

Rashidi 19:27
Alhamdulillah. Chomoa flashi, mausi, kila kitu, maana mara nyingine inang'ang'ania kuwaka kutoka kwenye flashi. Toa chaja, na betri kama inatoka. Shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 15. Rudisha, washa huku unagonga Esc mfululizo. Hiyo ni HP, itakuletea orodha. Bonyeza F2, tafuta kipimo cha diski.

Musa 19:49
Niko hapa kwa dada. Mara ya kwanza imesema hakuna diski. Tumerudia ikaiona, 500 GB, ikapima kidogo ikasema imefeli.

Rashidi 19:50
Tega sikio pale kiganja kinapolala ukiandika. Unasikia nini?

Musa 19:52
tik… tik… tik… halafu kimya

Rashidi 19:52
Zima. Isiwashwe tena, hata kwa kumwonyesha mtu.

Rashidi 19:57
Windows haina kosa hapa. Ndani ya diski ya aina hiyo kuna sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinaelea juu yake bila kuigusa. Huo mlio ni kichwa kinatafuta njia, kinaikosa, kinaanza upya. Kikishagusa sahani, kila dakika mnayoiwasha kinakwangua pesa za watu.

Mjomba Idi 20:03
Kuna mtu aliwahi kuitia kwenye friza usiku kucha, ikapona.

Rashidi 20:05
Mjomba, kwa heshima zote, friza tuwaachie samaki. Ikitolewa huko inatoa jasho, maji yanakaa juu ya sahani.

Mjomba Idi 20:06
Nimeuliza tu.

Shangazi Halima 20:11
😂😂 Zamu tulia. Kila mwanachama ana kitabu chake chenye mihuri ya hisa. Sanduku lina kufuli tatu na ufunguo mmoja ninao mimi. Pesa ipo. Kinachotusumbua ni hesabu ya kujumlisha.

Mama Swabra 20:14
Hisa ziko kitabuni, sawa. Na mikopo? Na wale waliolipa nusunusu? Mimi deni langu nilimaliza mwezi wa kumi, sitaki Jumamosi nisikie nadaiwa.

Musa 20:16
Shangazi, si dada huwa anakutumia nakala? Fungua maongezi yenu, angalia kwenye nyaraka.

Shangazi Halima 20:31
Nimeiona! Ya 27 Septemba. Niiweke hapa?

Zamu 20:31
HAPANA shangazi, hayo ni madeni ya watu. Nitumie mimi peke yangu.

Zamu 20:40
Imefika. Kwa hiyo kinachokosekana ni Oktoba mpaka mkutano wa Jumamosi iliyopita. Huo ndio wakati watu walilipa mikopo kwa wingi.

Musa 20:44
Mbona tusitoe diski tukaichomeka kwa kebo ya USB kwenye kompyuta ya rafiki yangu?

Rashidi 20:50
Ingekuwa diski nzima ambayo Windows yake tu imeharibika, ningekwambia fanya hivyo, au washa laptopu kwa Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, kutoka kwenye flashi ukopi vitu vyako. Hata bando si lazima liishe: Linux ya Ubuntu inakaribia GB 6, lakini ya Puppy haifiki hata GB 1. Hii inagonga. Ukiichomeka kwenye Windows itakuomba uiformati, mtu mmoja akibonyeza ndiyo, tumekwisha. Itoe, niletewe Kampala.

Rashidi 20:53
Dada, umewahi kuombwa ufunguo wa tarakimu 48 ukiwasha? Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows, bila huo ufunguo nitakopi mchanga mtupu. Huwa unahifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft.

Zamu 20:55
Sijawahi. Hii ni ya zamani, Windows 10.

Rashidi 20:56
Hata hivyo ingia kwenye akaunti uangalie. Musa, izungushie kitambaa cha pamba kikavu, kisha boksi ya viatu. Isiguse kavera, mfuko wa plastiki unabeba umeme wa kusuguana.

Jumanne

Musa 05:40
Nimempa dereva wa taksi ya alfajiri tunayemjua. Nimemwambia aipakate, isikae kwenye buti.

Zamu 07:15
Kwenye akaunti hakuna ufunguo wowote.

Rashidi 13:08
Imefika. Na hakuna kufuli.

Jumatano

Mama Swabra 06:30
Rashidi mwanangu?

Rashidi 08:02
Inaendelea mama. Sifungui mafaili kwenye diski yenyewe. Naihamisha yote, kipande kwa kipande, kwenye diski yangu ya 1 TB kwa programu inaitwa ddrescue. Inachukua kwanza panaposomeka kwa urahisi, panapogoma inaparuka, inaparudia mwishoni. Umeme umeshakatika hapa usiku, lakini inaandika yenyewe imefika wapi, ikaendelea palepale.

Mjomba Idi 08:10
Hata mimi sikuwa na kichwa cha kukumbuka hivyo.

Alhamisi

Rashidi 21:17
Imemaliza. Kuna vipande haikuvipata, vichache. Nimefungua kwenye nakala, diski ya dada nimeiweka pembeni.

Rashidi 21:18
Faili la mgao LIPO. Mstari wa mwisho ni wa 13 Desemba. Dada, nimekutumia, lipitie na vitabu kabla ya kuamini.

Zamu 21:18
😭😭😭 Allah akubariki

Rashidi 21:24
Picha za nikaha ya Amina, baadhi zimekatika nusu, chini ni kijivu tupu. Hizo sina la kufanya, ulizeni waliopiga kwa simu.

Ijumaa

Zamu 10:32
Nimelinganisha na vitabu kumi vya kwanza, zimelingana. Vingine tunavipitia leo na shangazi.

Mjomba Idi 10:40
Sasa laptopu yenyewe?

Rashidi 10:47
Mwili mzima. Inataka diski mpya, na safari hii SSD, haina kitu kinachozunguka ndani. Windows 10 tusiirudishe, Microsoft waliacha kuihudumia 14 Oktoba 2025. Kama haiwezi 11 nitamwekea Linux, jedwali lake litafunguka kwa programu ya LibreOffice vilevile. Halafu apate kifaa cha kuzuia kishindo cha umeme, hicho ndicho nadhani kiliimaliza.

Mama Swabra 10:52
Zamu, na deni langu?

Zamu 10:54
Ulimaliza 18 Oktoba mama, limeandikwa. Ila kuna faini mbili za kuchelewa za Novemba.

Mama Swabra 10:55
Hizo hazikuwa kwenye vile vipande alivyovikosa Rashidi?

Shangazi Halima 10:57
Zije Jumamosi kabla sijatoa ufunguo.