Wauzaji wa sigara za umeme Lubumbashi: "inaingiaka mu zote" ni uongo, tena uongo wa hatari

Ndugu zangu wa Lubumbashi, nimenyamaza vya kutosha. Butiki yoyote nitakayoingia katikati ya mji, kijana yeyote anayetandaza mali yake kando ya barabara kule komini ya Kenya, hapa hapa mjini, nikimwuliza kama tanki hili la maji ya kuvuta litafaa kifaa changu, jibu ni moja: "Yaya, haina mambo, hii inaingiaka mu zote." Haulizi kifaa ni kipi. Haulizi kina betri gani. Hasomi omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) zilizoandikwa kwenye rezistansi, ule waya wa ndani unaochemsha maji. Analikaza, likishika ananyoosha mkono apewe dola zake.

Mdogo wangu ameuziwa hivyo hivyo. Anatumia lile bomba la chuma lisilo na ubao wa umeme ndani: kitufe, betri moja na mahali pa kukazia atomaiza, yaani tanki pamoja na rezistansi yake, basi. Muuzaji aliliona mkononi mwake, akalishika, akalisifu, kisha akampa tanki ambalo halikutengenezwa kwa bomba la aina hiyo. Alipobonyeza kitufe, bomba lilichemka hata akashindwa kulishika, akalitupa uani. Betri ikatoa moshi mzito wenye harufu kali na watoto wakiwa palepale. Tuliporudi dukani tukaambiwa, "Mulitumia mubaya." Hata pole hatukupewa.

Sasa nieleze, maana wauzaji wanatajirika kwa sababu wanunuzi hatuelezwi.

Meno ya skrubu yanayokaza atomaiza nyingi za leo huitwa 510. Namba hiyo ilitokana na kifaa cha zamani cha Joyetech, na makampuni mengine yakaiga kipimo kilekile: upana wa milimita 7, jino hadi jino nusu milimita. Ndiyo maana tanki la kampuni hii linakaza kwenye boksi, yaani kifaa cha betri, la kampuni ile. Lakini meno kazi yake ni kushikilia. Hayajui betri ina nguvu gani, hayajui waya wa ndani una omu ngapi, hayajui pini ya katikati imejitokeza au imezama.

Na pini hiyo ndiyo iliyotuletea balaa nyumbani. Umeme unaingia kwenye atomaiza kwa pini ya katikati, upande wa chanya, na kurudi kwa meno ya pembeni, upande wa hasi. Kati yao kuna kizio chembamba tu. Kwenye mabomba kama la mdogo wangu hakuna pini upande wa kifaa. Kichwa cha betri chenyewe kinagusa atomaiza moja kwa moja. Pini ya atomaiza isipojitokeza kupita meno, kichwa cha betri kinagusa meno, na ukibonyeza kitufe ni shoti tupu. Hakuna fyuzi, hakuna chipu ya kukata umeme. Muuzaji anayeuza mabomba haya na hajui jambo hili hana ruhusa ya dhamiri kuyauza. Mwaka 2018 mtu alikufa Florida, Marekani, sigara ya umeme ilipomlipukia. Mwaka 2019 kijana mwingine akafa Texas, kipande kilikata mshipa wa shingo. Watu wanakufa kwa vitu hivi, na hapa kwetu vinauzwa kama pipi.

Tuje kwenye omu. Betri moja ya 18650, ule ukubwa unaotumika sana kwenye vifaa hivi, ikijaa ina volti 4.2. Gawanya kwa omu, utapata ampea zinazovutwa. Rezistansi ya omu 1.2 inavuta ampea 3.5, haisumbui mtu. Ya 0.5 inavuta 8.4. Ya 0.15, hizi za mawingu makubwa ambazo vijana wanazililia, kwenye bomba lisilo na chipu inavuta ampea 28! Samsung 25R, betri nzuri inayojulikana, imepewa kikomo cha ampea 20 mfululizo. Sasa chukua hizo betri za rangirangi zilizoandikwa 9900 mAh zinazouzwa sokoni. Hakuna 18650 yenye ujazo huo popote duniani. Viwanda vyenyewe vikubwa, betri zao nzuri zinachezea 3500 hivi. Aliyeweza kudanganya ujazo ataacha kudanganya ampea? Halafu tanki la 0.15 linakazwa juu ya betri hiyo na mtu anaambiwa aende salama.

Mwenye boksi lenye chipu ana afadhali, kwa sababu likiona omu ziko chini mno linakataa kuwaka. Lakini naye anaibiwa kwa njia nyingine, na hii inaniuma zaidi kwa sababu ni makusudi. Muuzaji anakaza tanki kwa nguvu zake zote "ili lishike vizuri". Pini ya katikati inasukumwa chini. Wiki ijayo unakaza tanki lingine, boksi linaandika kwamba halioni atomaiza. Unarudi kwake, anakuambia boksi limekufa, nunua jipya. Limekufa wapi? Toa betri, inua pini polepole kwa sindano, futa uchafu, kaza kwa vidole viwili tu mpaka igote. Maboksi mangapi yametupwa Lubumbashi hii kwa sababu ya pini iliyoshuka kidogo? Wanajua. Wengine wanayachukua hayo "mafu", wanayainua pini na kuyauza tena. Nimeyaona kwa macho yangu.

Rezistansi nazo ni wizi mtupu. Zinatolewa kwenye kisanduku, zinamwagwa kwenye mfuko wa plastiki, ukiuliza kisanduku unaambiwa mali ilichanika njiani Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Rezistansi hazibadilishani kama meno ya 510. Ya Nautilus inakaa kwenye matanki ya Nautilus. Hata ndani ya kampuni moja, ya TFV8 haingii kwenye TFV8 Baby, ingawa majina ni kama ya mtu na mwanawe. Ukilazimisha, maji yanavuja mpaka mfukoni. Na bila kisanduku utajuaje wati zake? Utajuaje waya ni kanthali au chuma cha pua? Aliyeweka boksi lake kwenye hali ya kupima joto anahitaji waya wa nikeli, titani au chuma cha pua. Kwa kanthali hali hiyo haifanyi kazi, omu zake karibu hazibadiliki kwa joto.

Kuna papa mmoja jirani yetu Kampemba, mtu mzima, sigara zimemla kifua, akaamua kuacha. Alihitaji kitu chepesi: tanki la kuvuta taratibu mdomoni kwanza, omu moja na kitu, maji yenye propilini glaikoli na gliserini nusu kwa nusu. Wakampa tanki la mawingu la 0.2 pamoja na maji ya nikotini ya chumvi ya miligramu 50! Ulaya kikomo cha kisheria ni miligramu 20 kwa mililita, na hata hizo si za kuvutia mawingu. Alivuta mara moja akakohoa mpaka machozi, kizunguzungu kikamshika, akasema bora sigara yake. Amerudia sigara. Huyo ndiye ninayemlilia kuliko hata bomba la mdogo wangu, kwa sababu alikuwa ameshaamua.

Ninachodai si kikubwa. Muuzaji aulize kifaa na betri kabla ya kutoa tanki. Rezistansi iuzwe na kisanduku chake, omu na wati zisomeke. Awe na kipimo cha omu mezani, kidude hicho hakizidi ukubwa wa kiganja. Na mwenye bomba lisilo na chipu aoneshwe pini kwa macho kabla hajalipa.

Kama kuna butiki hapa mjini inayofanya hivyo, andikeni mtaa wake chini hapa, nitaipeleka familia yangu yote. Na nyinyi wauzaji mnaosoma, najua mpo, jibuni hili moja: mlipompa papa yule miligramu 50, mlimwuliza anavutaje?