Boga la nazi msimu wa Halloween: tununue lipi?

Kutoka Columbus, Ohio

Wanajumuiya, shikamooni wakubwa zangu. Maduka yamejaa maboga ya rangi ya chungwa ya Halloween, ile sikukuu ya Oktoba 31 ya kuchonga maboga na kuyawashia mshumaa ndani, lakini ukiyapika kwa nazi unapata maji na nyuzinyuzi, utamu hakuna. Boga lipi linafaa, na hayo ya Halloween yana kazi gani zaidi ya kuchongwa?

Kutoka Minneapolis

Marahaba mdogo wangu. Maboga ya Halloween yamekuzwa kwa ajili ya kisu na mshumaa: ganda imara, nyama yenye maji mengi na sukari kidogo. Kwa nazi nunua kabocha, la kijani kilichoiva, bapa kidogo. Nyama yake ni kavu, ya unga, inakaribia boga la kwetu. Likikosekana, chukua butternut, boga refu lenye umbo la peari.

Kabocha ni gumu kama jiwe. Litoboe kwa uma sehemu kadhaa, liweke kwenye mikrowevu dakika 2 au 3, halafu pasua pembeni ya kikonyo, usipite katikati yake. Bila kulitoboa mvuke unaweza kulipasua humo ndani.

Kwa kilo 1 ya boga: kopo 1 la tui la mililita 400, sukari vijiko 3 vya chakula, chumvi nusu kijiko cha chai, iliki 5 zilizopondwa. Usitikise kopo. Engua tui zito la juu uliweke kando. Lile jepesi liongeze nusu kikombe cha maji, chemshia vipande vya sentimita 4 pamoja na chumvi mpaka uma uingie, dakika 12 hadi 15. Ndipo utie sukari, iliki na tui zito, moto mdogo, bila kifuniko, dakika 5. Tui likikatika ujue moto ulikuwa mkali. Kabocha hunywa tui, kwa hiyo weka maji ya moto karibu. Butternut hutoa maji yake lenyewe, usiliongezee.

La Halloween, kama halijachongwa, likate nusu, toa mbegu, lifudikize kwenye trei, choma kwa nyuzi 400 za Farenhaiti kwa dakika 45 hadi 60. Kwangua nyama, iache kwenye chujio lenye kitambaa saa nzima. Inafaa supu na maandazi, ila kwa maandazi punguza maji ya kukandia, la sivyo unga utakulilia mikononi. Lililochongwa likalala barazani si chakula tena.

Mbegu osha, chemsha dakika 10 kwa maji ya chumvi, kausha, kaanga kwenye oveni nyuzi 325 kwa dakika 20 hivi. Nyingine weka za kupanda.

Kutoka Stuttgart

Dada wa Minneapolis, kwenye mbegu za kupanda nakupinga. Maboga huchavushana kwa nyuki, na mbegu iliyochanganyika na maboga ya mapambo inaweza kuzaa boga lenye sumu chungu iitwayo kukabitasini. Kupika hakuiondoi. Mwaka 2015 mzee mmoja wa Heidenheim, hapa jirani, alifariki baada ya kula zukini (maboga madogo marefu kama tango) chungu za bustanini. Kila boga la bustani onja kipande kibichi kidogo. Kikiwa kichungu tema, tupa boga zima. Mbegu za kupanda nunua za pakiti.

Walio Ujerumani tafuteni Hokkaido, dogo, jekundu. Halimenywi, ganda linalainika lenyewe, ukiosha tu basi.

Kutoka Leicester

Niongeze kuhusu kuhifadhi. Boga zima lisiwekwe kwenye friji. Chini ya nyuzi 10 za Selsiasi linaharibika upesi. Liweke pakavu, nyuzi 10 hadi 13, mbali na matofaa, na usilibebe kwa kikonyo: kikivunjika, kuoza huanzia hapo. Lililopondwa gandisha kwenye mifuko bapa ya gramu 500. Usilihifadhi nyumbani kwa kulichemsha ndani ya chupa zilizofungwa, ni zito mno na joto halifiki katikati.

Ukinunua la kopo, soma lebo. Liandikwe "100% pumpkin". Lenye "pie mix" tayari lina sukari na mdalasini.

Kutoka Columbus, Ohio

Asanteni sana. Na majani ya kupika na karanga, naweza kuchuma kwenye mashamba ya maboga mwezi huu wa 10?

Kutoka Minneapolis

Hapana. Yamekomaa, yana ukungu mweupe, na mengi yamepuliziwa dawa. Panda mwenyewe mwezi wa 5 jalidi ikishapita, chuma ncha zenye majani machanga, na menya nyuzi za vikonyo kabla ya kukatakata.